Mazesoba, tantanmen au jajamen: tambi zipi za Kijapani zisizo na supu uanze nazo nyumbani?

Ukimtajia mtu tambi za Kijapani, atafikiria bakuli la rameni lililojaa supu ya mifupa. Supu hiyo ndiyo inayowashinda wapishi wengi wa nyumbani. Mifupa ya nguruwe hutokota tangu asubuhi hadi jioni, gesi inaungua, nyumba nzima inanuka, halafu mnakula dakika kumi na kazi imekwisha. Lakini Wajapani wana ukoo mwingine wa tambi zisizo na supu kabisa. Sosi inakaa chini ya bakuli, tambi zinamwagwa juu yake zikiwa za moto, nyama ya nguruwe ya kusaga inafuata, na mlaji anachanganya mwenyewe. Hizi hupikika jioni ya siku ya kazi, na nyama yake haihitaji mnofu wa bei ghali.

Nazipika nyumbani mara kwa mara, na anayeniuliza aanze na ipi namrudishia maswali mawili: jikoni kwako kuna nini, na nani atakula? Hapa nazipanga tatu bega kwa bega: mazesoba ya Taiwan, tantanmen isiyo na mchuzi, na jajamen. Ya nne, aburasoba, yaani tambi za mafuta, naitaja tu kwa sababu inajulikana sana. Ilianza upande wa magharibi wa Tokyo miaka ya 1950: sosi ya soya na mafuta chini ya bakuli, siki na mafuta ya pilipili mezani. Kwa kawaida huwekewa vipande vya nguruwe vilivyopikwa taratibu, si nyama ya kusaga, kwa hiyo leo tuiweke kando.

Zilikotoka

Mazesoba ya Taiwan si chakula cha Taiwan. Ilizaliwa Nagoya mwaka 2008, kwenye mgahawa wa Menya Hanabi wa mpishi Niiyama Naoto. Alikuwa akijaribu kupika ile nyama ya kusaga yenye pilipili inayowekwa kwenye rameni ya Taiwan, nayo pia ni ya Nagoya, iliyobuniwa miaka ya 1970 kwenye mgahawa wa Misen na mpishi mwenye asili ya Taiwan. Nyama haikupatana na supu yake nyepesi. Alipotaka kuitupa, mfanyakazi wake akamshauri aimwage juu ya tambi zilizochemshwa. Ndivyo mlo ulivyopatikana. Neno “maze” linatokana na kitenzi cha kuchanganya, na kuchanganya ndiyo kazi kubwa ya mlaji.

Tantanmen ina safari ndefu zaidi. Asili yake ni Sichuan, China, kwa wachuuzi waliobeba tambi kwa mzegazega begani, huku sufuria na kule vyombo. Jina lenyewe linatokana na mti huo wa begani. Huko kwao zilikuwa tambi kavu zenye sosi kidogo. Chen Kenmin, mpishi wa Sichuan aliyefungua mgahawa wa Shisen Hanten mjini Tokyo mwaka 1958, aliona Wajapani wanapenda tambi zenye mchuzi, akaiongezea supu ya ufuta. Kwa miongo kadhaa Japani yote iliijua hivyo. Kisha miaka ya mwanzo ya 2000, wapishi wa Hiroshima, wakitanguliwa na mgahawa mdogo uitwao Kisaku, wakaiondoa ile supu, na mlo ukaanza kuwa maarufu mjini humo. Tambi zilizunguka bahari na mitaa mpaka zikarudia hali yake ya kwanza.

Jajamen ni ya Morioka, mji wa baridi kaskazini mwa kisiwa cha Honshu. Takashina Kansho alikuwa ameishi Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, akala kule tambi za Kichina zenye nyama na soya iliyochachushwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili alirudi akaanza kuziuza kwenye kibanda, akitumia miso, rojo la soya iliyochachushwa la kwao. Mgahawa uliotokana na kibanda hicho, Pairon, maana yake joka jeupe, upo hadi leo. Watu wa Morioka huihesabu jajamen kati ya tambi tatu kuu za mji wao, pamoja na wankosoba, zinazoliwa kwa vibakuli vidogo vidogo, na reimen, tambi za baridi.

Nimeanza na historia kwa sababu inakwambia moja kwa moja ladha inatoka wapi. Nyama ni ile ile katika bakuli zote tatu. Kinachotofautiana ni kinachoibeba.

| | Mazesoba ya Taiwan | Tantanmen kavu | Jajamen |
|---|---|---|---|
| Kwao | Nagoya | Hiroshima | Morioka |
| Tambi | Nene, za kuvutika | Nyembamba, zilizonyooka | Bapa, laini |
| Nyama | Ya mafuta, kali kwa pilipili | Kavu, imekaangwa vizuri | Imezama ndani ya miso |
| Kinachobeba ladha | Unga wa samaki, kitunguu saumu, kiini cha yai | Ufuta na pilipili ya Sichuan | Miso |
| Kigumu kupata | Karibu hakuna | Pilipili ya Sichuan | Miso |
| Mwisho wa bakuli | Wali | Wali | Supu ya yai |

Tambi: hapa ndipo penye kazi

Tambi za mazesoba na tantanmen zina rangi ya njano hafifu, zinanesa mdomoni na zina harufu yake ya pekee. Siyo mayai. Ni kansui, mchanganyiko wa chumvi mbili za alkali, kaboneti ya sodiamu na kaboneti ya potasiamu. Alkali hukaza utando wa ngano, nao unga hugeuka njano.

Msomaji wa Afrika Mashariki atashtuka kidogo hapa, maana alkali ya namna hiyo tunaijua. Magadi tunayotia kwenye maharage, makande na mboga ngumu ni ndugu wa karibu wa kansui: ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, chumvi ya maziwa kama Magadi la Kenya na Natron la Tanzania. Nimeulizwa mara nyingi kama yanafaa kwa tambi. Kwa upande wa kazi yake, ndiyo, yatakaza unga. Hata hivyo siyapendekezi. Magadi ya mawe yana floridi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia, na huwezi kujua jiwe lako lina kiasi gani. Isitoshe nguvu yake haifanani jiwe hadi jiwe.

Njia salama ni bikaboneti ya dukani, ule unga mweupe wa keki. Si hamira wala beking pauda. Itandaze kwenye trei, iweke kwenye ovena yenye nyuzi 120 hivi kwa muda wa saa moja. Maji na hewa ya kaboni hutoka, uzito unapungua kwa karibu theluthi, na kinachobaki ni kaboneti ya sodiamu, kali kuliko ulichoanza nacho. Asiye na ovena aikaange kavu kwa moto mdogo akiikoroga, mpaka iache kuvimba na kutoa povu la unga. Usiishike kwa mkono uliolowa, na iweke mbali na macho. Jambo lingine ambalo maelekezo mengi ya mapishi hayasemi kwa sababu hayakuandikwa kwa jikoni zetu: sufuria nyingi za kwetu ni za alumini, na alkali huila alumini na kuifanya nyeusi. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Kwa watu wawili wa mazesoba, chukua unga wa ngano gramu 300, ule wenye nguvu wa mikate ukiupata, kaboneti yako gramu 4, chumvi gramu 3, maji mililita 135. Yeyusha chumvi zote ndani ya maji kwanza. Unga utakuwa mgumu, utavunjikavunjika kama mchanga uliolowa, na hapo wengi hukata tamaa na kuongeza maji. Usiongeze. Ukusanye, ufunge kwenye mfuko wa plastiki, uache saa moja, kisha uukanyage kwa kisigino ukiwa ndani ya mfuko wake. Wajapani wanaotengeneza udon, tambi nene za ngano, kwa mkono hufanya hivyo hivyo. Ukishalainika, usukume kwa kifimbo cha chapati hadi unene wa milimita 3, nyunyiza wanga wa mahindi, kunja, kata nyuzi pana za milimita 3.

Tantanmen inataka unga huo huo, ila usukumwe mwembamba zaidi, nusu yake, na nyuzi ziwe nyembamba. Bila mashine ni kazi ya mkono wenye subira.

Jajamen ndiyo rahisi kuliko zote kwa upande huu. Hakuna kaboneti. Ni unga gramu 300, maji mililita 140, chumvi gramu 10. Ukijua kusukuma chapati, hizi utaziweza siku ya kwanza: zisukume unene wa milimita 3, kata nyuzi bapa za milimita 5, chemsha dakika kumi hivi huku ukionja.

Na asiyetaka kukanda? Kuna hila ya nyumbani ambayo Wajapani huitumia wanapokosa tambi za rameni. Chemsha spageti ya kawaida ndani ya maji yenye bikaboneti, kijiko kimoja cha chakula kwa lita mbili za maji, na chumvi kidogo. Spageti inabadilika, inakuwa njano na ya kunesa. Povu litapanda ghafla kama maziwa, kwa hiyo tumia sufuria kubwa na usiondoke jikoni. Spageti nene kwa mazesoba, nyembamba kwa tantanmen, gramu 100 kavu kwa kila mtu. Kwa jajamen chukua tambi bapa za Kiitaliano na uzichemshe bila bikaboneti. Si sawasawa na za Nagoya, lakini ni bakuli zuri, na kwa mwanzo nakushauri ufanye hivi. Sosi na nyama zikishakuelea, ndipo uhangaike na kukanda.

Kwa mazesoba peke yake kuna tendo moja usiliruke. Pale Menya Hanabi hukoroga tambi kwa nguvu kwa kijiti zikiwa bado zinachemka, ili uso wake uchubuke na wanga utoke. Uso uliochubuka hushika sosi. Nyumbani, dakika ya mwisho, piga tambi kwa mwiko ndani ya sufuria bila huruma, zichuje, usizisuuze, zimwage bakulini. Nilipoanza kulifanya hili ndipo mazesoba yangu ilipoacha kubakiza dimbwi la mafuta chini ya bakuli.

Nyama

Buchani, taja bega, usiseme “kilo ya kusaga” tu, maana utapewa mabaki yoyote. Mimi husema, “Kaka, nikatie bega, uache na mafuta yake, unisagie mara moja tu kwa tundu kubwa.” Mafuta yawe robo hivi. Nyama iliyosagwa mara mbili hugeuka uji ndani ya kikaangio, na mazesoba inataka punje unazozihisi mdomoni.

Lazima iive kabisa. Nguruwe wanaofugwa kwa kuachiwa wanaweza kuwa na tegu, na kusaga nyama huingiza kila kitu kilichokuwa nje hadi ndani. Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 71. Usipokuwa nacho, isibaki punje yenye rangi ya waridi.

Kwa mazesoba ya watu wawili: gramu 250 za nyama, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, pilipili kavu tano au zaidi zilizokatwa, sosi ya soya vijiko viwili vya chakula, sukari kijiko kimoja cha chai, maji robo kikombe. Kaanga nyama kwanza mpaka itoe mafuta yake, tia pilipili na saumu ndani ya mafuta hayo, kisha sosi, sukari na maji, ipungue taratibu. Usimwage mafuta. Ndiyo sosi ya pili ya mlo huu.

Kwa tantanmen fanya kinyume. Gramu 200, kaanga moto mkali bila kuikoroga sana mpaka igeuke kahawia na ianze kukauka pembeni, halafu kijiko cha sosi ya soya na sukari kidogo, au kijiko cha tenmenjan, ile sosi tamu nyeusi ya Kichina, kama unayo. Iwe kavu, karibu kama chenga. Sosi ya ufuta ni nzito, na nyama yenye majimaji ikiingia humo mlo mzima unalegea.

Kwa jajamen nyama karibu inapotea. Gramu 200 inakaangwa na tangawizi na saumu, halafu miso vijiko vitatu vya chakula, sukari kimoja, ufuta uliosagwa kimoja, maji kidogo. Moto mdogo, robo saa au zaidi, ukikoroga chini maana miso hushika na kuungua upesi. Inakuwa rojo zito la kahawia nyeusi. Hii ina faida ambayo nyingine hazina: hukaa kwenye friji siku tatu au nne na ladha inazidi kutulia. Ukipika Jumapili, Jumanne unachemsha tambi tu.

Wasiokula nguruwe wasiache kusoma hapa. Kima ya ng'ombe yenye mafuta inafaa sana kwenye jajamen, kwa sababu miso inatawala hata hivyo. Paja la kuku lililosagwa linakwenda vizuri na ufuta wa tantanmen. Kwenye mazesoba ndiko utakakoona pengo, kwa kuwa mafuta ya nguruwe ni sehemu ya sosi; ongeza mafuta ya ufuta kijiko kimoja na mafuta ya ng'ombe kidogo, utakuwa umesogea. Maelekezo mengi yatakutajia sake na mirin, ambazo zina kileo. Sukari kidogo na maji hufanya kazi, na kwa mlo huu hutaona tofauti kubwa. Soma pia kibandiko cha miso, maana baadhi ya watengenezaji huongeza pombe ili isiendelee kuchacha.

Kinachobeba ladha

Mazesoba husimama juu ya unga wa samaki, gyofun, unaosagwa kutokana na samaki waliokaushwa, wakiwemo dagaa wadogo waitwao niboshi. Ukisikia hivyo, jibu unalo kabatini. Chukua dagaa wakavu wasio na chumvi nyingi, wa Kigoma au wa baharini, ondoa kichwa na tumbo kwa sababu ndiko uchungu uliko (Wajapani huwafanyia niboshi vivyo hivyo), wakaange wakavu mpaka wakakamae, wasage kwenye kinu hadi wawe unga. Kijiko kimoja na nusu cha chai kwa bakuli kinatosha. Chini ya bakuli weka kwa kila mtu sosi ya soya kijiko kimoja cha chakula, mafuta kijiko kimoja, siki na sukari kidogo. Juu ya tambi nyama katikati, unga wa dagaa upande mmoja, majani ya vitunguu yaliyokatwa, kitunguu saumu kibichi kilichopondwa, mwani mkavu kama upo. Wajapani hutia pia nira, majani bapa yenye harufu ya saumu. Majani ya kitunguu saumu kinachoota hushika nafasi hiyo. Mwani ukikosekana, bakuli halijaharibika.

Tantanmen ni habari ya ufuta, simsim kwa wengine, na hapa nina mapenzi yangu nisiyoyaficha. Japani karibu haijilimii ufuta. Hununua nje, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wake wakubwa. Ufuta wa Lindi na Mtwara unavuka bahari kwenda kukamuliwa na kusagwa kule. Wewe unaupata kabla haujasafiri. Kaanga gramu 60 kwa moto mdogo mpaka punje zianze kurukaruka na kutoa harufu, usingoje zibadilike sana rangi. Twanga zikiwa za moto, ongeza mafuta kidogo, endelea mpaka iwe laini na ing'ae. Kisha sosi ya soya vijiko viwili vya chakula, siki kimoja, sukari kijiko cha chai, mafuta ya pilipili vijiko viwili, na maji ya moto ya tambi vijiko vitatu hadi vinne. Mwanzoni itaganda na kukatika. Ongeza maji kidogo kidogo, itafunguka iwe kama uji mwepesi. Hiyo ni ya watu wawili. Niseme wazi kwamba Hiroshima kuna wapishi wanaotia ufuta kidogo tu na kuacha pilipili itawale. Mimi naipenda yenye ufuta mwingi.

Tatizo lake ni pilipili ya Sichuan. Hiyo siyo pilipili kali. Hutia ganzi na kuwasha ulimi kama betri. Bila hiyo unabaki na tambi za ufuta zilizo tamu, lakini siyo tantanmen. Maduka ya bidhaa za Kichina mijini huwa nayo. Ikaange kidogo, isage, kijiko cha chai kwa watu wawili, nusu ukianza. Mti wake ni wa jenasi moja na mjafari wetu, ambao wazee hutumia magome na mizizi yake kwa tiba. Undugu huo usikutume kuutia mjafari kwenye chakula. Ni dawa, na kipimo chake ni cha dawa.

Jajamen haina mambo mengi. Ukiwa na miso unayo jajamen, usipokuwa nayo huna. Nimeona watu wakitumia sosi ya soya na siagi ya karanga badala yake. Ni chakula kizuri cha jina lingine. Miso nyekundu ndiyo inayofaa zaidi, ile nyeupe ni tamu mno. Juu ya tambi: rojo la nyama, tango lililokatwa nyuzi, majani ya vitunguu, tangawizi mbichi iliyokwanguliwa. Mezani siki, mafuta ya pilipili na kitunguu saumu, kila mlaji arekebishe lake. Pale Morioka mgeni huambiwa asiogope siki.

Yai

Kiini kibichi katikati ya mazesoba ndicho watu wanachokiona kwenye picha. Japani mayai huoshwa, hukaguliwa na kuwekewa tarehe inayohesabiwa kwa ajili ya kuliwa mabichi. Yetu hayapitii utaratibu huo. Chemsha yai dakika sita na nusu, litie kwenye maji baridi, menya, lipasue juu ya nyama: kiini kitatiririka na kulainisha ukali wa pilipili kama inavyotakiwa. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa wapewe lililoiva kabisa.

Basi upike ipi?

Kama uko mbali na maduka ya bidhaa za Asia, pika mazesoba. Kitu cha kigeni pekee ni sosi ya soya, na hiyo sasa iko kwenye maduka mengi. Dagaa, saumu, pilipili, majani ya vitunguu, spageti na bikaboneti vyote viko sokoni na dukani kwa jirani. Ukali wake utapendwa na vijana, na harufu ya saumu mbichi itakaa nao hadi kesho yake, kwa hiyo isiwe jioni ya kabla ya mkutano.

Kama unarudi nyumbani saa moja usiku na njaa, na una pilipili ya Sichuan kwenye kopo, tantanmen inakuwa mezani ndani ya nusu saa. Sosi inatengenezwa maji yakichemka, nyama inaiva dakika nane. Hiroshima hukumbusha wateja wachanganye mara thelathini au zaidi kabla ya kula, nami nasisitiza hivyo: sosi iko chini, na asiyechanganya hula tambi tupu mwanzoni na chumvi tupu mwishoni. Watoto wengi hawaipendi ile ganzi ya ulimi. Wapakulie kabla hujatia pilipili ya Sichuan.

Kama unapikia familia, wazee na watoto, au unataka kukanda tambi zako za kwanza kwa mkono, na miso umeipata, jajamen ndiyo yenye upole kuliko zote. Haina ukali mpaka mlaji autie mwenyewe. Na inaisha kwa namna ninayoipenda kupita zote: ukibakiza tambi kidogo na rojo chini ya bakuli, unavunja yai humo, unakoroga, unamwagia maji ya moto yaliyochemshiwa tambi, unaongeza kijiko cha nyama na majani ya vitunguu. Huitwa chitantan. Kwa mayai yetu, rudisha mchanganyiko huo kwenye sufuria ndogo uuchemshe mpaka yai ligande nyuzi nyuzi, kisha uurudishe bakulini.

Mimi, kwa jikoni ya kwetu, mtu akinibana nichague moja ya kuanzia, namwambia mazesoba ya spageti. Makosa yake hurekebishika hapo hapo mezani: chumvi ikizidi ongeza tambi, mafuta yakizidi ongeza siki. Ila usimalize wali wote wa mchana. Nagoya, tambi zikiisha, mgahawa hukuletea kikonzi cha wali bila malipo ya ziada, uutie kwenye sosi iliyobaki. Wao huuita oimeshi, wali wa kufuatia. Kiporo chako, kikipashwa moto vizuri, kinatosha vijiko vitatu kwa kila bakuli, na mara nyingi wali huo ndio watu hugombea.